SOMO LA AFYA: SINDANO YA KUPUNGUZA UNENE NA MOTO WA CHINICHINI MWILINI



Jioni moja nilikwenda Mwenge, wilaya ya Kinondoni, kutembelea kikundi cha kujisomea. Wanakikundi hawa walikwisha kuhitimu kisomo, lakini bado wanakutana mara mbili kwa wiki kusoma magazeti na kupiga hesabu za biashara zao. Wamo mama lishe, wauza vitenge na wachonga vinyago. Tulikuwa katikati ya hesabu za asilimia, mama mmoja akanyosha mkono. Mama huyu ni mnene, na huu ni mwaka wa tatu magoti yanamsumbua. Akikaa mkekani, kuinuka ni mpaka ashikwe mkono.

"Mwalimu," akasema, "wanasema ipo sindano ya kukondesha, eti inamaliza na uvimbe wa magoti. Mimi ninayo hapa. Nijidunge, nisijidunge?"

Akafungua pindo la kanga, akatoa kiboksi. Darasa zima likasogea kutazama.

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwalimu, siyo mganga. Nikamwomba asiitumie mpaka wiki ijayo. Nikaenda kwa tabibu, nikauliza, nikasoma. Somo hili ndilo jibu nililorudi nalo.

Labda wewe uko Mkuranga au Kilosa, na unasema moyoni, "Hayo ni mambo ya watu wa mjini." Subiri kidogo. Pikipiki inayoleta soda kijijini kwako ndiyo hiyo hiyo itakayoleta na sindano hizi.

Kwanza tupime

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Maadui wa wakati ule walikuwa malaria, minyoo, kuhara na kichocho. Maadui hao hawajahama. Lakini ameongezeka mwingine, na huyu haji na mbu wala maji machafu.

Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi uliofanyika hapa hapa Kinondoni. Walipimwa watu wazima 1,249. Waliokuwa na unene uliokithiri walikuwa 240, yaani asilimia 19.2. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 9. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 24.7. Hebu tusome tarakimu hiyo ya mwisho kwa maneno: karibu mwanamke mmoja katika kila wanne.

Unene uliokithiri hupimwa kwa hesabu. Chukua uzito wako kwa kilo. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe. Kisha gawanya uzito kwa jibu ulilopata. Yule mama alikuwa na kilo 92 na urefu wa mita 1.60. Basi 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Na 92 gawanya kwa 2.56 ni karibu 36. Jibu likiwa 25 au zaidi, uzito umezidi. Likifika 30, huo ni unene uliokithiri.

Huna mizani? Chukua kamba. Simama ukutani, mtu akupime urefu wako kwa kamba hiyo, uikate. Sasa ikunje katikati, uizungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Kamba iliyokunjwa isipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi. Mafuta hayo ya tumboni ndiyo yenye kesi kubwa katika somo letu.

Moto usioonekana

Ukijikata kidole kwa kisu, baada ya muda kidole kinakuwa chekundu, kinapata joto, kinavimba na kuuma. Usikasirikie uvimbe huo. Ni askari wa mwili wamefika kupigana na vijidudu na kuziba kidonda. Kazi ikiisha, askari wanarudi kambini na uvimbe unakwisha. Wataalamu huuita mchochota.

Lakini uko mchochota wa aina nyingine, usiokwisha. Umewahi kuona tanuri la mkaa? Kwa nje huoni ndimi za moto. Unaona udongo tu na moshi kidogo. Ndani kuni zinaungua siku baada ya siku. Mwili wenye mafuta mengi tumboni uko hivyo hivyo.

Zamani hata waganga wakubwa walidhani mafuta ya mwili ni kama gunia la akiba lililowekwa darini, limetulia, halisemi. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waligundua kwamba mafuta ya panya wanene yanatoa kemikali ya kuchochea mchochota, iitwayo TNF. Mwaka 2003 wengine wakaona kwamba mafuta ya watu na wanyama wanene yamejaa askari wa mwili, wale wale wanaokuja kwenye kidonda. Kumbe gunia lina watu ndani! Chembe za mafuta zikishiba kupita kiasi hukosa hewa ya kutosha, nyingine hufa. Askari huja kufagia mizoga. Wakifika hupiga kelele za hatari, yaani hutoa kemikali zinazoingia katika damu na kuzunguka mwili mzima. Kwa kuwa mafuta hayaondoki, nao hawaondoki.

Madhara yake ni nini? Insulini, ambayo kazi yake ni kuingiza sukari katika misuli, inaanza kudharauliwa, na hapo kisukari kinabisha hodi. Mishipa ya damu inachubuka kwa ndani na kujenga uchafu wa mafuta, ndiyo njia ya shambulio la moyo na kiharusi. Na magoti, ambayo tayari yamebeba mzigo, yanaongezewa kemikali zinazokera maungio.

Moto huu unaweza kupimwa. Ini likisikia kelele zile hutoa protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930 huko New York katika damu ya wagonjwa wa homa ya mapafu. Kwa upande wa hatari ya moyo, CRP chini ya miligramu 1 katika lita moja ya damu ni nzuri. Kati ya 1 na 3 ni ya katikati. Ikizidi 3, tanuri linawaka. Hapa kwetu lazima tuwe waangalifu: malaria, jipu au hata jino bovu linaweza kuipandisha CRP mara nyingi zaidi ya hapo. Mtu aliyepimwa akiwa na homa asiseme amepata jibu la unene wake.

Sindano yenyewe

Tukila, utumbo wetu hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hii ni tarishi. Huliambia kongosho litoe insulini, huliambia tumbo lisiharakishe kumwaga chakula, na huuambia ubongo, "Basi, nimeshiba." Shida yake ni kwamba huishi dakika chache tu. Wataalamu wakatengeneza dawa inayofanana na tarishi huyo lakini inayokaa mwilini siku nyingi, hata mtu hudungwa mara moja kwa wiki. Inayosikika zaidi ni semaglutaidi. Kwa kisukari huuzwa kwa jina la Ozempic, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2017. Kwa unene huuzwa kwa jina la Wegovy, iliyokubaliwa huko mwaka 2021.

Je, inapunguza unene kweli? Ndiyo. Katika jaribio lililotolewa mwaka 2021 watu wazima 1,961 walifuatwa kwa wiki 68. Waliopata dawa walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliodungwa sindano isiyo na dawa, bila wenyewe kujua, walipungua asilimia 2.4.

Na moto wa ndani? Watafiti walipolinganisha CRP za makundi hayo mawili, CRP ya waliopata dawa ilikuwa chini kwa asilimia 44. Tuigeuze kuwa hesabu ya kawaida. Kama mtu wa sindano tupu ana CRP ya 5, mwenzake wa dawa angekuwa na kama 2.8. Ametoka katika eneo la hatari, ingawa hajafika kwenye 1.

Msomaji mwangalifu atauliza: kushuka kwa tarakimu katika karatasi ya maabara kunamsaidia nini mtu? Swali zuri. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa lililoitwa SELECT, la watu 17,604 katika nchi 41. Wote walikuwa na miaka 45 au zaidi, uzito umezidi, na walikwisha kuugua moyo au mishipa. Hawakuwa na kisukari. Walifuatwa kwa zaidi ya miaka mitatu. Katika kila watu 1,000 wa sindano tupu, 80 walipata shambulio la moyo, kiharusi au kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa. Katika kila 1,000 wa dawa, walikuwa 65. Hao 15 ni watu, si tarakimu. Na CRP ya wa dawa ilikuwa chini kwa karibu asilimia 38.

Hapa pana jambo lililonishangaza. Ungedhani faida yote imetokana na kukonda. Lakini mwaka 2025 watafiti wa SELECT walieleza kwamba kupungua kwa kiuno kulieleza kiasi cha theluthi moja tu ya faida ile ya moyo. Mengine yametoka wapi? Wako wanaoamini kwamba dawa yenyewe inatuliza askari wa mwili moja kwa moja, hata kabla mafuta hayajapungua sana. Katika majaribio ya panya huko Toronto, Canada, milango ya GLP-1 ndani ya ubongo ilipozibwa, dawa ilishindwa kupunguza mchochota. Yaani huenda amri ya kuwatuliza askari inapitia kichwani. Panya si mtu, kwa hiyo mlango huu wa utafiti bado uko wazi.

Sasa magoti ya mama yetu. Mwaka 2024 lilitolewa jaribio la watu 407 wenye unene uliokithiri na magoti yaliyochakaa. Maumivu yalipimwa kwa alama, 0 mpaka 100. Walianza na alama kama 71. Baada ya wiki 68 wa dawa walishuka alama 41.7. Wa sindano tupu walishuka 27.5. Tafadhali soma tena hiyo ya pili! Watu hawa hawakupata dawa yoyote ya unene, ila, kama wenzao, walishauriwa kupunguza chakula na kufanya mazoezi. Nao walipata nafuu kubwa. Nilipoisoma darasani mzee mmoja mchonga vinyago akacheka, akasema, "Mwalimu, kumbe nusu ya dawa ni kushughulikiwa."

Pale inapokomea

Dawa hii siyo ya kutuliza maumivu kama diklofenaki, ya kudunga leo ukapona kesho. Haiponyi mguu uliovimba kwa matende wala kidonda kilichooza. Inafanya kazi kwa miezi, na inafanya kazi ukiitumia. Walioacha baada ya lile jaribio la wiki 68 walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza katika mwaka mmoja, na faida nyingine nyingi zikaanza kurudi nyuma. Tanuri halikuzimwa, lilipunguziwa kuni tu.

Ina maudhi pia. Kichefuchefu, kutapika, kuhara na kufunga choo ni vya kawaida. Katika SELECT, karibu watu 17 katika kila 100 wa dawa waliacha kwa sababu ya maudhi, dhidi ya 8 wa sindano tupu. Mawe ya nyongo yanaweza kutokea. Na mara chache kongosho lenyewe linapata mchochota mkali, tumbo linauma mpaka mgongoni. Dawa inayopoza moto mahali pengi inaweza kuuwasha mahali pamoja. Ndiyo maana inataka daktari. Mama mjamzito au anayenyonyesha asiiguse, na anayetaka kupata mimba aiache miezi miwili kabla. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari amwambie daktari kwanza, sukari isije ikashuka akaanguka.

Tena, katika SELECT watu weusi hawakufika 4 katika kila 100. Mimi sioni sababu ya kudhani dawa itatukataa. Lakini tunayo haki ya kupimwa sisi wenyewe.

Bei nayo ni mlima. Wegovy ilipoanza kuuzwa Marekani, bei iliyoandikwa ilizidi dola 1,300 kwa mwezi. Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaokubali dawa za aina hii zitumike kwa muda mrefu kwa watu wazima wenye unene uliokithiri, pamoja na ushauri wa chakula na mazoezi. Shirika hilo hilo likakadiria kwamba mpaka mwaka 2030 watakaozipata ni chini ya 10 katika kila 100 wanaozihitaji. Mahali penye uhitaji mwingi na dawa chache, hapo ndipo mjanja anapofungua duka.

Kiboksi cha kwenye kanga

Wiki iliyofuata nilirudi Mwenge. Nikamwambia mama, "Tusome kwanza." Kiboksi kikazunguka mkono kwa mkono. Alikinunua kwa mtu anayeuza vipodozi, siyo famasi. Mama mmoja aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 40 ndiye aliyegundua la kwanza: namba ya toleo kwenye boksi ilikuwa tofauti na namba iliyo kwenye sindano. Mwingine akaona mahali pa tarehe ya mwisho wa matumizi pamekwanguliwa. Wa tatu akauliza mwenyewe, "Hii ilikaa kwenye friji?" Haikukaa. Ilishinda katika kabati la vioo, jua la Dar es Salaam likiipiga. Dawa hii kabla ya kufunguliwa hutakiwa kukaa katika nyuzijoto 2 mpaka 8, wala isigande. Ikishafunguliwa huvumilia wiki kadhaa tu, na joto lisizidi 30.

Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa dunia nzima kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Hatari mojawapo iliyotajwa ni kwamba bandia huweza kuwa na insulini ndani. Mtu asiye na kisukari akijidunga insulini anaweza kuzimia asiamke.

Tahadhari hiyo iende na kwenye zile chai na vidonge vya "kukata tumbo" vinavyouzwa mitaani na kwenye simu. Vingi vya aina hiyo vimekamatwa nchi za nje vikiwa vimetiwa sibutramini kwa siri. Hiyo ilikuwa dawa halali ya kukondesha, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mashambulio ya moyo na kiharusi. Kwa hiyo siyo kila kinachokondesha kinapoza moyo. Ukitilia shaka dawa yoyote, ipeleke famasi iliyosajiliwa au toa habari kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Mama hakujidunga. Alikikabidhi kiboksi kwa mfamasia, kwa shingo upande, maana alikwisha kutoa fedha za mchezo wa upatu. Alikwenda hospitali ya Mwananyamala, akapimwa. Sukari ilikuwa juu, wala hakuwa na habari. Akaanzishiwa vidonge na kufundishwa mazoezi ya kuimarisha mapaja.

Tabibu alimpa na hesabu moja ambayo darasa zima limeishika. Watafiti wa Marekani walipima wazee wenye magoti mabovu, wakaona kwamba kila kilo 1 anayopunguza mtu, goti linapunguziwa mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua. Na katika jaribio jingine la watu 454, lililotolewa mwaka 2013, waliopunguza chakula walishusha pia IL-6, kemikali inayoliamuru ini litoe CRP. Hawa walikuwa hawana sindano.

Basi mama akapunguza soda ya mchana na ugali wa usiku, akaanza kutembea jioni. Shida yake kubwa, aliniambia, siyo njaa. Ni midomo ya majirani. Sisi tuliozoea kusema mtu mnene "amenawiri", na tuliozika ndugu waliokonda kwa UKIMWI, tukimwona mtu anapungua tunaanza kunong'ona. Shoga zake walimwuliza kwa upole kama anaumwa nini. Sasa akitembea jioni anakwenda nao wawili.

Baada ya miezi minne alikuwa na kilo 88. Magoti bado yanauma, hasa asubuhi. Lakini mara ya mwisho nilipokwenda, somo lilipokwisha aliinuka mkekani peke yake.

Kazi ya kikundi

Fanyeni hesabu hizi pamoja. Mama alianza na kilo 92, sasa ana 88. Kila hatua goti lake limepunguziwa mzigo wa kilo ngapi? Akitembea hatua 2,000 jioni moja, jumla ni kilo ngapi? Kisha mjadili: katika kijiji chenu, nani anauza dawa bila kusajiliwa, na kwa nini watu wanamwendea yeye badala ya zahanati? Andikeni majibu yenu mtuletee. Majibu ya hesabu yatatoka katika toleo lijalo.